Mkwe, Wilbaro na Mtaro wa Nduma

Chemchemi iliyo chini ya mteremko, pale barabara ya kijiji huko Shinyalu inapoanza kunusa msitu, ina jina la mtu aliye hai, na mtu huyo hupenda ulijue jambo hilo kabla hujamaliza kumwamkia. Ni Chemchemi ya Alice. Jina halijaandikwa popote. Hata lingeandikwa, Alice mwenyewe angesimama mbele ya kibao akikiangalia kama kuku anavyoangalia kioo, kwa maana shule aliiacha alipofika kwenye herufi A, akaona inamtosha mtu anayeitwa Alice. Herufi hiyo moja aliichoma kwa chuma cha moto kwenye mpini wa jembe lake, na jembe hilo halijawahi kupotea. Basi elimu yake yote imemfaa. Wangapi wa chuo kikuu wanaweza kusema hivyo?

Alizaliwa Matete, kwenye mahindi mengi na biashara za soko, akaletwa Shinyalu kuolewa na Lumwaji, mtu mpole aliyekufa mapema. Wenye midomo husema alikufa ili apumzike kubishana. Alice mwenyewe ndiye aliyeanzisha maneno hayo. "Mzee wangu alinishinda mara moja tu," husemanga, "siku aliyotangulia."

Alipobaki peke yake na watoto, ndipo alipoishika chemchemi. Wakati huo palikuwa mahali pa ng'ombe kukanyaga na kujisaidia. Alice akapazungushia miti ya lusiola, akapanga mawe, akapiga marufuku kufua nguo, akapiga marufuku kuoga, akapiga marufuku hata kusengenya pale kwa sauti ya juu, ingawa hiyo ya mwisho aliivunja mwenyewe kila asubuhi. Alimfukuza mhubiri aliyetaka kuoshea pikipiki yake pale. Alimwambia aende akaioshee Yordani; iko mbali, lakini mhubiri ndiye anayeijua njia. Maji yakawa safi hata ukitumbukiza kikombe unaona kucha zako. Kijiji kizima kikayanywa. Na kila aliyeyanywa alikumbushwa na nani.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomtisha Alice kuhusu chemchemi hiyo, nacho ni barabara iliyo juu yake. Miaka ya nyuma lilikuja greda, likakwangua mteremko ule kama mtu anayemenya kiazi kwa hasira. Liling'oa miti iliyokuwa ikishika ukingo, likausukuma udongo upande wa bondeni, likaondoka zake. Mvua ya kwanza ikauchukua udongo wote na kuuleta chemchemini. Alice alichota tope kwa karai hadi mgongo ukakataa kunyooka, na tangu siku hiyo akisikia mngurumo wowote barabarani hutoka nje na jembe.

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba barabara itatengenezwa upya, na safari hii kwa mikono ya watu wa hapo hapo, kwa jembe na sululu na beleshi, bila kukata mti, na kingo zipandwe nyasi, Alice alikuwa wa kwanza kufika na jembe lake lenye A. Alifika mapema hata kabla ya nyapara.

Kisha nyapara akafika. Alikuwa Protus.

Hapa mgeni aelezwe kidogo. Protus ni mume wa Winrose, kitinda mimba wa Alice. Na kwa desturi ya watu wa zamani wa hapo, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia mama wakwe zao mbele ya kamera za harusi. Alice akiona hayo husonya. Husema ni heshima anayoilinda. Lakini ukweli ni kwamba mwiko huo ulimpendeza kwa sababu ulimpa cheo. Kuna mtu gani mwingine chini ya jua aliyekuwa akikimbilia majanini kwa ajili yake?

Basi asubuhi hiyo Protus alipomwona mama mkwe wake kwenye mstari wa wafanyakazi, alifanya kama kijana aliyelelewa. Aliruka ndani ya mtaro wa zamani uliojaa maji ya jana. Alice naye, wakati huo huo, aliruka nyuma ya mti wa lusiola. Mti wenyewe ulikuwa mwembamba kama mkono. Alice si mwembamba kama mkono.

"Shemeji," akaita Mukhwana, "mti huo umekuficha pua peke yake."

Mukhwana alikuwa rika la marehemu Lumwaji, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumtania Alice mpaka siku ya kufa, na ruhusa hiyo hakuiacha ipate kutu. Kazi yake pale ilikuwa kusukuma wilbaro.

"Pua ndiyo hutazamwanga," Alice akajibu. "Mwambie mkwe wangu atoke kwa maji. Nimegeuka."

"Protus! Mama yako amesema utoke kwa maji, amegeuka."

"Nimemsikia, mzee," akasema Protus kutoka mtaroni.

"Hujamsikia mpaka niseme mimi. Usinimalizie kazi."

Watu wakacheka hadi majembe yakawaanguka. Wengine walidhani Alice ataacha kazi aende nyumbani. Hawakumjua. Kuacha ni kazi ya watu wenye akili ya kawaida. Alibaki, na toka siku hiyo Mukhwana akawa na kazi mbili, kusukuma wilbaro na kuwa mdomo wa wakwe wawili wanaosikilizana vizuri sana kutoka hatua chache.

Kazi ilikwenda vizuri, hilo lazima lisemwe. Waliipa barabara mgongo katikati ili maji yaanguke pande zote mbili yasikae. Pembeni wakachimba mitaro, na kila baada ya mwendo mfupi wakatoa mtaro mdogo wa ubavuni wa kuyapeleka maji kwenye shamba la mtu, ukiwa umepangwa mawe na kupandwa nyasi mdomoni. Miti haikuguswa. Penye mti mkubwa, barabara ilikunja kiuno ikapita. Alice alichimba kuliko vijana, akaimba kuliko kwaya, akawasimanga waliochoka. Aliusifu utaratibu huo wote kuwa wa watu wenye akili.

Aliusifu mpaka asubuhi ile alipokuta vigingi vyenye vichwa vyekundu vimesimama katikati ya nduma zake.

Nduma hizo, yaani magimbi, zilikuwa kwenye kibonde chenye unyevu, kando tu ya barabara, juu ya mteremko. Majani yake yalikuwa mapana kama masikio ya ndovu, na kwenye soko la Shinyalu mtu akiuliza za nani, huambiwa bila kutazama. Alice aliviangalia vigingi. Akaiangalia barabara. Akageuka, akampa mkwe wake mgongo, akaongea na hewa.

"Mukhwana! Muulize mkwe wangu, hii ni mahari analeta ama ni nini?"

Protus naye akageuka upande wake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. "Mzee, mwambie Mama kwamba mtaro mmoja lazima utokee hapa. Maji yakifika chini yakiwa mengi, yatakuwa jambazi. Tukiyapunguza hapa juu kidogo kidogo, yanakuwa mgeni. Yanakaa kwa nduma, yananywa chai, yanaenda polepole."

"Shemeji, anasema maji ni mgeni."

"Mgeni gani huyo anaingia kwa mtu bila kubisha hodi? Mwambie wageni wangu huja na sukari."

"Protus, anasema mulete sukari."

"Mwambie Mama nduma hupenda maji. Hata hazitaumia. Tutapanda nyasi ya nepia mdomoni, ng'ombe wake atakula."

"Anasema ng'ombe wako atakula nduma."

"Sikusema hivyo, mzee!"

"Mimi ni mtu wa kufupisha," akasema Mukhwana.

Alice alikuwa amesikia kila neno, tena kwa usahihi. Alijua pia kwamba kijana anasema kweli, kwa sababu nduma na maji ni kama mtoto na titi. Lakini alikuwa amekwisha kusema hapana mbele ya watu, na hapana ya Alice ikishatoka nje haina ufunguo wa kurudi ndani. "Mwambie barabara ni yake na shamba ni langu," akasema, na mazungumzo yakafungwa.

Saa ya chakula wenzake walipoketi kivulini kula obusuma, ugali wa kwao, na mboga ya murere, Alice alisema anakwenda kuangalia kuku. Alikwenda moja kwa moja kwenye nduma. Aling'oa kigingi kimoja kimoja, akavifunga kwa leso, akateremka navyo hadi nje ya mpaka wake, penye kichaka kilicho chini, akavisimamisha pale kwa mstari ule ule, umbali ule ule, kama mtu aliyesomea. Kichaka kile kiko juu kidogo ya chemchemi. Alice alifikiri hivi: kichaka kina kiu, kitayanywa maji yote, chemchemi haitajua kitu. Hayo ndiyo mawazo ya mtu ambaye hasira imemkalia machoni. Mwanamke aliyeilinda chemchemi ile kwa nusu ya maisha yake alikuwa anayaonyesha maji machafu njia ya kuifikia, tena kwa vigingi vilivyopakwa rangi.

"Alice," akajiambia akijipangusa mikono, "wewe una akili." Msimu ule hakuna mtu mwingine aliyemwambia hivyo tena.

Protus aliporudi, aliziona nduma hazina kigingi. Akateremka, akaviona vilipo. Akapanda tena hadi barabarani.

"Mzee," akasema, "muulize Mama kama vigingi vimetembea."

"Shemeji, vigingi vimetembea?"

Alice hakuinua kichwa kutoka kwenye kuchimba. "Mwambie vigingi ni miti. Na miti ya siku hizi si ile ya zamani."

Mukhwana hakurudisha jibu hilo. Alimsogelea Protus, akamnong'oneza kwa ile sauti yake ya kunong'ona ambayo husikika hadi ng'ambo ya bonde. "Kijana, kila mtu anajua ni nani. Virudishe, uchimbe penye ni sawa."

"Nikivirudisha, nitakuwa nimemwambia mama mkwe ni mwongo, mbele ya watu. Nitalala wapi?"

"Kwangu kuna kitanda cha ndama."

"Nitamtuma Winrose aongee naye polepole. Kabla mvua kubwa ije, atakubali. Kwa sasa tuchimbe penye Mama ameonyesha."

Na hapo ndipo kosa lilipokamilika, kosa ambalo ungelitafuta mahali pengine usilipate: mtu mmoja aliyeharibu kwa kiburi, na mwingine aliyeharibu kwa adabu. Protus alipanga mawe mengi mdomoni mwa mtaro ule, akapanda nyasi kwa mikono yake, akiomba zishike mizizi kabla ya mvua. Wahenga walituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu asiposikia la mdogo anavunjika nini.

Mvua haikungoja nyasi wala Winrose. Alasiri moja mbingu ilifunguka kama inavyofunguka huko Kakamega, bila kuaga, na kulipokucha wanawake waliokwenda kuchota maji walisimama kwenye chemchemi wakiwa na mitungi yao wasijue la kufanya. Maji yalikuwa mekundu mazito, mawe mengine yamefunikwa, na vyura wenyewe wametoka nje wamekaa ukingoni kama watu waliofukuzwa na mwenye nyumba.

Alice alipofika, aliyeanza alikuwa Khasandi, jirani ambaye ulimi wake haujawahi kulala.

"Kukhu, bibi yetu, leo chemchemi yako imetupikia chai kabisa. Tulete vikombe?"

"Hayo ni matope ya juu juu," akasema Alice. "Maji yenyewe yako chini, ni mazuri."

"Ya chini tutayafikia na nini, na sululu?"

"Mimi ninayanywa hivi hivi." Na kabla akili haijaukamata mkono, alikuwa ametumbukiza kikombe na kukipeleka mdomoni. Alikunywa. Mchanga ulilia kwenye meno mawili aliyobaki nayo upande wa kushoto. "Tamu," akasema.

"Rudia, Kukhu, sisi hatukuona vizuri."

Akarudia. Mtu mwenye busara angeketi chini akalia. Alice alijaza kikombe cha pili.

Wakati huo Protus alikuwa amefika juu ya ukingo, akasimama akiwa amempa mgongo mama mkwe wake, kama inavyotakiwa. Wanawake wakamgeukia. "Nyapara! Nani alichimba mtaro kuelekea maji ya kunywa? Hii ndiyo barabara ya kuhifadhi mazingira mnayotuimbia?"

Mdomo wa Alice ulikuwa umejaa. Alimsikia mkwe wake akikohoa.

"Ni mimi," akasema Protus. "Nilipima vibaya. Kosa ni langu, mnisamehe. Nitatafuta njia."

Wanawake walimvua nguo kwa maneno. Walimwita greda la miguu miwili. Naye alisimama tu, mgongo wake ukiwapokea kama ukuta unavyopokea mvua. Alice angeweza kusema neno moja. Lakini mdomoni alikuwa na tope na kiburi, akavimeza vyote viwili.

Tope lilijibu kwanza. Siku hiyo na iliyofuata Alice aliijua njia ya choo chake kuliko mtu mwingine yeyote anavyoijua njia ya choo chake. Winrose alikuja na uji na maji ya kuchemsha, akaketi mlangoni, akamtazama mama yake amejikunja kitandani.

"Uliyanywa kweli, Mama?"

"Kidogo."

"Khasandi anasema vikombe viwili."

"Khasandi hajui kuhesabu. Cha pili hakikujaa."

Winrose alikuwa binti wa mama yake. Hakucheka wala hakubembeleza. "Mume wangu hali chakula. Watu wanamwita mjinga, na yeye ananikataza hata mimi kusema ninalolijua. Ananiambia, 'Ni mama yako, ni mama yangu.' Sasa nisikilize. Mvua ingine kama ile ikija, chemchemi imezikwa. Protus anasema macho ya maji yakizibwa na tope la pili, maji yatatafuta mahali pengine pa kutokea, hayatarudi hapo. Unataka jina lako libaki kwa shimo la matope?"

Alice aligeukia ukuta. "Na Mukhwana ako wapi? Nimtume."

"Kesho ni Jumamosi. Fahali wake anapigana na fahali mwingine uwanjani. Kijiji chote kinamfuata na ngoma. Kesho hakuna wa kutumwa, Mama." Winrose akasimama, akajipangusa sketi. "Una mdomo wako."

Jumamosi asubuhi, ngoma za isukuti zikawa zinalia mbali, upande wa uwanja, na juu ya msitu wingu likawa limeketi, jeusi, limejaa, kama ng'ombe ambaye muda wa kukamwa umepita. Alice alitoka na jembe lake, tumbo likiwa bado linanung'unika. "Alice, mzee mjinga," alijiambia njia nzima. "Alice, kichwa cha kibuyu. Alice, mnywaji wa chai ya chura." Alikuwa amezoea kuwatukana wengine, akashangaa kuona anajua kujitukana vizuri zaidi.

Alipofika kwenye nduma alimkuta Protus. Alikuwa amesimama barabarani, mguu mmoja haujavuka mpaka wa shamba, jembe mkononi, akilitazama wingu. Alikuwa mtu anayengoja ruhusa ambayo hana njia ya kuiomba. Walipoonana waligeuka wote wawili kwa kishindo, kama milango miwili iliyopigwa na upepo mmoja.

Ngoma zikalia. Radi ikakohoa huko msituni.

Alice alitafuta mtu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na wilbaro ya Mukhwana, imeegemezwa ukingoni.

"Wewe wilbaro," akasema Alice kwa sauti kavu, "mwenye wewe amekwenda kuangalia fahali. Basi leo kazi ni yako. Mwambie mkwe wangu nduma hizi nilitaka kuzing'oa tangu zamani."

Nyuma yake jembe likawekwa chini. Kisha sauti ya chini ikasema, "Wilbaro, mwambie Mama asante. Uniulizie kama ninaweza kuingia shambani."

"Wilbaro, mwambie aanze huko barabarani, mimi nianze huku bondeni, tukutane katikati. Na umwambie ahimize, wingu halina mkwe."

"Wilbaro, mwambie Mama asichimbe na tumbo likiwa linauma."

"Wilbaro! Nani amekuuliza habari ya tumbo?"

Wakachimba. Mtu anayechimba mtaro kwa jembe hupiga mbele na kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Kwa hiyo Protus alirudi nyuma akitokea barabarani, na Alice akarudi nyuma akitokea bondeni, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na desturi ikakaa salama salimini katikati yao. Nduma zilizokuwa njiani Alice aliziinua moja moja na kuziweka kando bila kuzitazama. Ardhi ilikuwa laini. Jembe lenye A likapanda na kushuka. Tone la kwanza lilimwangukia shingoni, la pili kwenye mkono, kisha hayakuhesabika.

"Wilbaro, mwambie alete mawe!"

"Wilbaro, mwambie Mama mawe yako tayari! Mtaro wa chini nimeuziba alfajiri kwa udongo, lakini hautashikilia maji mengi yakija yote pamoja. Lazima yageukie huku!"

"Mwambie aache maneno achimbe!"

Hawakuona tena kitu kwa mvua. Kila mmoja alirudi nyuma kwa haraka, akipiga jembe kama anayeua nyoka. Udongo uliobaki katikati ukawa kama upana wa kitanda, ukawa kama upana wa kiti. Na hapo, kwa nguvu zote za watu wawili walioinama, makalio ya mama mkwe na makalio ya mkwe yakagongana.

Hayakugongana kidogo. Protus alianguka kifudifudi upande wa barabara na Alice akaanguka kifudifudi upande wa bonde, na udongo wa mwisho kati yao ukabomoka wenyewe. Maji yakapita. Yalikuja kutoka barabarani mekundu na ya kasi, yakampita Protus, yakampita Alice kifuani, yakagonga mawe, yakatulia, yakajitandaza kwenye nduma kama mgeni aliyepewa mkeka. Maji ya barabarani hayakuteremka chini tena.

Alice alikuwa bado kwa magoti na mikono, amejaa tope hadi kwenye nyusi, aliposikia ngoma zimenyamaza. Aliinua kichwa. Barabarani, chini ya mvua, alisimama Mukhwana na fahali wake mwenye majani shingoni, na nyuma yao kijiji kizima.

"Shemeji!" akapaza sauti Mukhwana. "Mimi nimeondoka asubuhi moja tu, mmenifuta kazi? Ujumbe siku hizi mnapelekeana kwa hiyo njia?"

Fahali mwenyewe aliangalia kando kwa aibu. Khasandi aliketi barabarani kwenye maji, akacheka mpaka akaomba ashikwe. Alice alimtazama Khasandi, akautazama mtaro, na kicheko kikamtoka tumboni kule kule kulikokuwa kunauma.

"Cheka vizuri, Khasandi," akasema alipopata pumzi. "Na ukimaliza ujue hivi. Vigingi havikutembea. Nilivibeba kwa leso hii. Mkwe wangu hakupima vibaya, mimi ndiye niliyepima na kichwa kitupu. Sasa nani ataniinua?"

Wanawake wawili wakamwinua. Protus hakugeuka, maana desturi ni desturi, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na haikuwa kwa baridi.

Kwa desturi, kugongana kule kulihitaji kusafishwa kwa kuchinja, na Alice hakungoja wazee waamue. Alichinja jogoo wake mwenye makelele, akapika ingokho ya kunukia hadi msituni. Yeye alikula ametazama jikoni, Protus akala nje ametazama barabara, ukuta mmoja kati yao, na Mukhwana akala pande zote mbili akidai ni fidia ya kazi yake.

Nduma zilizobaki zilinenepa kwa tope la barabara hadi watu wakaanza kuuliza ni lini mtaro utapita kwao. Alice huwajibu kwamba maarifa hayo aliyavumbua yeye, akiwa amelala chini. Na akisimulia kisa hicho sokoni hukisimulia kwa utamu kuliko Mukhwana anavyokisimulia, kwa sababu hawezi kukubali kushindwa hata kwenye kujicheka.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kwanza walisafisha chemchemi kwa karai, yeye na wanawake wote, wakapanda nyasi kwenye kichaka cha juu, kisha wakangoja. Maji yakawa mekundu, yakawa ya manjano, yakawa kama maji ya kuoshea mchele. Mvua nyingine kubwa ikapita, na asubuhi yake Alice alitumbukiza kikombe akaona kucha zake, pamoja na tope la siku zile ambalo bado lilikuwa limekwama chini ya hizo kucha.

Hakuita mtu. Alikijaza kikombe, akapanda nacho mteremko polepole hadi pale watu walipokuwa wakishindilia barabara, akakiweka ndani ya wilbaro, katikati, kisimwagike. Akageuka.

"Wilbaro," akasema, "mpe mkwe wangu maji."

Kazi yote ilisimama. Nyuma yake alisikia hatua, kisha kimya cha mtu anayekunywa hadi mwisho, kisha kikombe kikirudishwa kwenye bati.

"Wilbaro," ikasema ile sauti ya chini, "mwambie Mama ni tamu. Hata kuliko yale aliyoyasifu juzi."